Mfereji Haunywi Maji

Vijana wa korti, mmeniandama niandike. Basi naandika, lakini mjue mapema kwamba hapa hamtapata habari za vyeo wala za nani alimpita nani. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mara mbili vilikosea mlango vikaingia kwa jirani. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na zaidi nitaandika habari za mtihani, maana naona mtihani wa kusema Kiingereza mwauogopa kuliko kaburi. Sisi pia tuliuogopa, ila sisi tuliufanyia mazoezi mbele ya mtungi.

Niliingia ukalimani miaka ile reli ilipokuwa ikijengwa kupanda bara. Mji ulijaa watu wa kila lugha, na kila mtu alikuja na kesi yake. Hakimu wetu, Mungu amsamehe, alikuwa amekaa Mombasa miaka mitatu na Kiswahili chake chote kilikuwa "lete chai". Mimi Kiingereza nilikipata dukani kwa Muhindi mmoja aliyeuza vyakula vya mikebe. Nilianza kwa kusoma mikebe, na hata leo nikishtuka usingizini neno la kwanza linalonijia kwa Kiingereza ni "samaki ndani ya mafuta".

Aliyenipokea kortini ni Mzee Feruzi, mkalimani mkuu, mtu aliyekulia Bombay na kurudi pwani na Kiingereza kilichonyooka na koti lisilo na kifungo hata kimoja. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha karibu na hakimu, akaniambia, "Haya, Athmani, fasiri." Mwenye kesi alikuwa bibi mmoja muuza ndizi, mkali wa ulimi. Akanitazama, akasema, "Mwambie huyo mwenye masikio mekundu asipige miayo nikisema."

Nikaona ah, hilo siwezi. Mtu mkubwa vile! Nikamwambia hakimu, "Bwana, akuombea afya."

Hakimu akatabasamu, akainamisha kichwa. Yule bibi kuona mtu yuwatukanwa naye yuwacheka, akaniuliza, "Kwani huyu ni mzima?"

"Bwana, auliza hali yako."

"Mwambie sijambo," akasema hakimu. "Mwambie ni mama mwenye adabu sana."

Mzee Feruzi alinishika mkono akanitoa nje. Nilidhani atanisifu. Akaniuliza, "Maji ya mfereji yakiwa machungu, mfereji hutia sukari?"

"La, mzee."

"Mfereji haunywi maji wala hauongezi. Akitukana, nawe tukana. Akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Siku utakayoongeza neno lako, vua kanzu ya korti ukauze ndizi na yule bibi, naye sidhani atakutaka."

Alasiri nilirudi nikamtukana hakimu neno kwa neno kama nilivyoagizwa. Tangu siku hiyo aliniheshimu, na miayo aliiacha.

Sasa mtihani. Kila mkalimani mpya alitahiniwa kwa kusema, si kwa kuandika. Mtahini alikuwa Mzungu mmoja mrefu aliyekaa Kizingo. Alikuja kwa kigari cha reli kilichosukumwa na watu wawili, na mfukoni akiwa na biskuti. Sehemu zilikuwa tatu. Kwanza alikuuliza habari zako: jina lako, wajua nini, waitakia nini kazi. Pili aliigeuza chupa ya mchanga juu ya meza, ukasimulia safari uliyokwenda mpaka mchanga uishe. Tatu mtu alisema Kiswahili nawe ukamfasiria mtahini. Miaka yote mpango ulikuwa huo huo, hata biskuti zilikuwa zile zile.

Macho ya Mzee Feruzi yalipoanza kufifia, kazi ya kuwafunza watahiniwa aliniachia mimi. Nikaona shida yao si Kiingereza. Shida yao ni ule uso. Walisema vizuri baina yao, lakini mbele ya Mzungu mwenye kofia ulimi ulirudi nyuma. Basi nikachukua kofia ngumu ya jua ambayo hakimu aliitupa kwa kutafunwa na panya, nikaivika mtungi wa maji uani kwangu. Mtungi ule ulikuwa na tumbo kubwa na ukimya mwingi, mtahini kabisa. Vijana wakawa waja baada ya sala ya alasiri, waupigia mtungi saluti na kuujibu maswali. Nami nilikaa nyuma yake nikiusemea kwa sauti nzito.

Mke wangu, Mwana Aisha, hakuipenda habari hii.

"Athmani, maji yananuka kichwa cha hakimu."

"Vumilia, mke wangu, ni elimu hiyo."

"Elimu hiyo wewe wainywa?"

Nikahamishia kofia kwenye mtungi mtupu. Lakini dawa ilifanya kazi. Ilifanya kazi mno hata kijana mmoja alipokwenda kuposa alikuta mtungi barazani kwa wakweze, akasimama wima akautajia jina lake na la babake. Walimkubalia, wakasema ana heshima.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye ile sehemu ya safari. Vijana wetu wengi safari yao ndefu kabisa ilikuwa kutoka Mji wa Kale mpaka Makupa, pale pa kuvukia kwenda bara. Basi nikawatungia safari moja nzuri: nilikwenda Makupa na mbuzi, mbuzi akakataa kuvuka, nikambembeleza kwa majani, nikambeba mabegani, tukafika salama. Maneno yote magumu niliyapanga humo. Wakaikariri vizuri. Nilichosahau ni kwamba mtahini ni yule yule, naye alikaa pale asubuhi nzima akiwapokea mmoja mmoja, na kila aingiaye amembeba mbuzi. Alipoingia wa nane, mtahini hakuigeuza chupa. Aliuliza, "Mbuzi hajambo?"

Kijana akachanganyikiwa, maana swali hilo halikuwamo. Akasema, "Tumemla, bwana."

Mtahini akafunga daftari, akaninyoshea kidole pale dirishani nilipokuwa nikichungulia. Mwaka uliofuata niliwaambia kila mtu atafute mnyama wake.

Wote hao walinipa taabu, lakini aliyenitoa jasho hasa ni Nasoro. Alikuwa mwana wa mwalimu wa chuo cha Kurani, kijana mwembamba, mpole, asiyepaza sauti hata akikanyagwa. Kiingereza alijifunza kwa kamusi. Aliipata mnadani, akaisoma kuanzia jalada, kurasa zote ila za mwisho zilizoliwa na mchwa. Nawaambia kweli, hapakuwa na mtu kisiwani mwenye Kiingereza kama chake. Alisema maneno ambayo Wazungu wenyewe walikuwa wameyaacha kwao.

Naye alikuwa na haja kubwa na kazi ile. Alikuwa amemposa Zubeda, binti wa Mzee Shee, fundi wa kuchonga milango. Wawili hao walipendana tangu utotoni na mtaa mzima ulijua. Mzee Shee alikuwa amesema wazi, "Binti yangu simpi mtu asiye na kazi, hata akiwa na adabu ya malaika." Na hapo kwenye adabu ndipo palipokuwa na balaa lote.

Maana sisi mwatujua. Mombasa mtu hajisifu. Ukimwambia fundi mlango wako mzuri, atakuonyesha palipopasuka. Ukialikwa kula, umewekewa pilau, samaki wa kupaka na sambusa mpaka mkeka hauonekani, mwenyeji atakwambia, "Tuwie radhi, hapana kitu, ni chumvi na maji." Nasoro adabu hii alinyonya kwa mamake na akakomaa nayo. Basi mara ya kwanza akaingia kwa mtahini, mimi nikiwa nje dirishani.

"Wajua Kiingereza?" akauliza mtahini.

Nasoro akainamisha kichwa, akajibu kwa Kiingereza safi, maana yake hii: "La hasha, bwana wangu mtukufu. Mimi ni mjinga wa wajinga, na walionisifu mbele yako walinipendelea tu kwa wema wao. Lugha yako ni bahari, nami sijalowa hata kisigino."

Mtahini akaandika: hajui. Akaita anayefuata.

Nilitaka kujigonga kichwa ukutani. Nikamwambia, "Nasoro! Mzungu akikuuliza wajua, sema najua!"

"Lakini maalim, nikisema najua, yeye atanionaje?"

"Atakuona wajua!"

Akanitazama kama niliyemwambia aende msikitini kichwa wazi. Tukafanya mazoezi mwaka mzima. Mbele ya mtungi alisema "najua" baada ya kumwaga jasho, kisha kimyakimya akaongeza "astaghfirullah". Nikasema afadhali, hilo si la Kiingereza, mtahini hatalijua.

Mara ya pili akaingia. "Wajua Kiingereza?" "Ndiyo, bwana, najua." Huko nje dirishani nikashika kifua, nikasema alhamdulillahi, tumevuka. Mtahini akauliza la pili, "Basi kazi hii wastahili kupewa wewe?" Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nasoro akasema, "Hapana, bwana. Anayestahili ni ndugu yangu Salimu, yuko hapo nje." Salimu, jamani! Salimu hakujua ila mbuzi, na wakati huo mtahini alikuwa hajamchoka bado! Mtahini akamwita, Salimu akaeleza jinsi alivyombeba mbuzi, akapewa kazi. Nasoro alikuwa wa kwanza kumpongeza, na kwa moyo safi.

Baada ya hapo mambo yakawa mazito. Kanuni ilikuwa mara tatu, ukikosa ya tatu mlango umefungwa. Na huko kwa Mzee Shee ikaja posa nyingine, watu kutoka Lamu, wenye mshenga hodari wa maneno. Mzee Shee akamwita Nasoro karakanani, akamwambia mbele yangu, "Mwanangu, wewe nakupenda. Lakini mtihani ni Jumatano, na watu wa Lamu nimewaambia waje wachukue jawabu Ijumaa." Hakusema zaidi, akashika patasi yake. Nasoro akasema, "Haki yako, mzee," akatoka, na nje nikamwona yuwafuta macho kwa kilemba. Roho iliniuma. Kosa lake nilikuwa nalijua, na dawa yake sikuwa nayo.

Jumanne tulikaa uani mbele ya mtungi kwa mara ya mwisho. "Wajua Kiingereza?" nikauliza kwa ile sauti nzito. "Najua," akasema. "Kuliko wengine?" Akafumba macho, akawa mweupe, akasema hawezi, afadhali apasuliwe. Nikavua kofia nikaitupa chini.

Mwana Aisha alikuwa akichagua mchele pembeni. Hakuinua uso. Akasema, "Nyinyi wanaume, ni nani Mombasa hii huenda kujiposea mwenyewe?"

"Una maana gani?"

"Mtu akitaka mke hajisifu mwenyewe, hupeleka mshenga. Mshenga husema huyu kijana mzuri, kijana yuko pembeni ameinama, na mambo huenda. Huyu mwamtuma peke yake kujiposea kwa Mzungu, kisha mwashangaa akiona haya."

Nikaiokota kofia. Kisha nikakumbuka kwamba kesho yake, katika ile sehemu ya tatu, mtu wa kusema Kiswahili ili mtahiniwa afasiri nimewekwa mimi.

Jumatano Nasoro akaingia, nami nimekaa upande nikingoja zamu yangu. Ya kwanza ikaharibika kama tulivyotarajia. "Wajua Kiingereza?" Akasema "najua", akakwama, uso ukamwiva, akamalizia, "kidogo tu, bwana, na hicho kidogo nacho ni kibovu." Mtahini akachukua kalamu. Nikasimama haraka nikasema, "Bwana, bado safari na tafsiri." Akaugua, akatafuna biskuti, akageuza chupa. Nasoro safari yake ilikuwa ya kwenda kwa jirani kurudisha sahani, hakutaka kujikuza kwa safari ndefu. Mchanga haukufika nusu.

Ikaja tafsiri. Kwa kawaida zilisemwa habari za mizigo, za mashahidi na za mipaka ya viwanja. Siku hiyo nikakohoa, nikapanga kilemba changu, nikaanza kama mshenga aingiavyo nyumba ya watu:

"Bwana, nimekuja kwako na kijana. Kijana huyu nimemjua tangu yu mdogo. Kwa elimu, hana mwenzake kisiwani."

Nasoro akanigeukia, macho yamemtoka. "Maalim!"

"Fasiri," nikamwambia. "Mfereji haunywi maji."

Kanuni ile nilikuwa nimemfunza mimi, naye ni mtu wa kushika kanuni. Akamgeukia mtahini, akafasiri neno kwa neno, kwa Kiingereza cha kamusi nzima. Mtahini akaacha kutafuna.

"Kiingereza chake," nikaendelea, "ni cha watu wa kufunguliwa mlango wakipita. Kamusi ameimaliza, ila palipoliwa na mchwa."

Akafasiri, jasho lamdondoka puani. Kisha akaninong'oneza, "Maalim, wanifedhehesha, nitawatazamaje watu?"

"Yasemwa nini hapo?" akauliza mtahini.

Maskini Nasoro! Neno limesemwa kortini, lazima lifasiriwe. Akanyooka akasema kwa Kiingereza, "Mtahiniwa asema, 'Maalim, wanifedhehesha, nitawatazamaje watu?'"

Mtahini akasogeza kiti mbele. Akamwambia Nasoro, "Muulize huyu mzee, mtahiniwa ajua Kiingereza?"

Nasoro akanigeukia. "Bwana auliza, ati mtahiniwa yuwajua Kizungu?"

Hapa nakiri, uchu wa ushenga ulinipanda kichwani. Nikasema, "Mwambie yuwajua kumpita yeye."

Wasukuma kigari waliokuwa mlangoni waliacha kutafuna tambuu. Nikaona kazi yangu yaondoka na ya Nasoro haiji, na Zubeda apanda chombo cha Lamu. Nasoro alifumba macho. Angeweza kulilainisha. Angeweza kusema akuombea afya. Akafumbua macho, akasema kwa Kiingereza, polepole, "Asema ajua kukupita wewe, bwana."

Mtahini akaweka kalamu chini. "Na mtahiniwa mwenyewe asemaje juu ya hilo?"

"Mtahiniwa asema, bwana, hayo ni..." akatumia neno moja refu la Kiingereza ambalo sikuwahi kulisikia kabla wala baada.

Mtahini akalirudia midomoni. Akainuka, akaenda kabatini, akatoa kamusi, akafunua kurasa. Akasoma, kumbe neno limo. Akafunga. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani yuwalia, kumbe kicheko kimemkamata, na makombo ya biskuti yamemruka mpaka kwenye daftari. Alipopata pumzi akauliza, "Kijana, kwa mara ya mwisho. Wajua Kiingereza?"

"Sijui, bwana," akasema Nasoro.

Mtahini akaandika: amefaulu. Akalipigia mstari chini yake.

Tulikwenda moja kwa moja karakanani kwa Mzee Shee. "Habari za mtihani?" akauliza. Nasoro akasema, "Si haba, mzee." Mzee Shee naye ni mtu wa Mombasa. Aliweka patasi chini, akamkumbatia, akatuma mtu kwa wale wa Lamu wasijisumbue. Harusini nilikula mpaka nikaomba kuinuliwa, na Mwana Aisha alidai mtungi wake akaupata.

Nasoro alinifuata kazini miaka yote hiyo. Nilipomrithi Mzee Feruzi, alikuwa mkono wangu wa kulia, na katika muda wote ule sikumsikia akiongeza neno wala kupunguza. Watu walitukana, wakaapa, wakalia, naye alipitisha yote kama yalivyo. Sasa ndiye mkalimani mkuu wenu, mjueni.

Mwezi uliopita mliniaga. Ukumbi wa korti ulijaa, watu wa mtaa wamekuja, na Mwana Aisha yuko nyuma na wanawake wenzake. Hakimu mpya, aliyeshuka melini juzi tu, alisimama kusema machache, na kweli yalikuwa machache. Alisema kwa Kiingereza, "Athmani alifika kazini mapema. Tunamshukuru." Akakaa.

Mimi niliyasikia, Kiingereza nakijua. Miaka yote ile, na hayo ndiyo yaliyosalia. Sikuudhika sana, lakini nitasema kweli, nilihesabu maneno yale kwa vidole.

Nasoro akasimama mbele ya watu afasiri. Akasema hakimu asema kwamba tangu korti ijengwe hapajapata kusimama mtu mwenye ulimi wa haki kama Athmani. Kwamba wajane walipata viwanja vyao na wachukuzi wakatoka vifungoni kwa sababu maneno yao yalifika mazima. Kwamba vijana wote wa ukalimani kisiwani ni wanawe. Mbuzi akamtaja. Mtungi akautaja, na kofia, na Mwana Aisha aliyevumilia maji. Angekuwako yule mtahini na chupa yake, mchanga ungekwisha mara mbili. Watu walilia, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nilitazama viatu vyangu sikuviona.

Hakimu akanyanyua shingo, ameduwaa. Akaniinamia akauliza kwa Kiingereza, "Amefasiri niliyoyasema?"

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Neno kwa neno."

Tulipotoka nje nilimshika Nasoro mkono kama Mzee Feruzi alivyonishika mimi. Nikamwambia, "Nasoro, umeongeza."

Akainamisha kichwa. "Niwie radhi, maalim," akasema. "Kiingereza changu ni kidogo."